Vidole Vikigoma Asubuhi

Wiki hii nimeletewa swali na msusi wa Mwanza, binti wa miaka 26. Anasema akiamka vidole havikunjiki mpaka saa nne hivi, mikono yote miwili, na vifundo vimejaa. Rasta zinamshinda, mteja mwenye haraka anahamia saluni ya jirani. Ameshaambiwa ni baridi kwa sababu anaosha nywele za watu kwa maji ya bomba. Ameshaambiwa ni jongo, aache nyama. Ameshaambiwa kuna msusi mwenzake kamfanyia jambo. Mwisho daktari akampa jina la ugonjwa, baridi yabisi, na bahasha ya dawa. Swali lake: "Dada, maumivu yakiisha naacha hizi dawa?"

Usiache, mdogo wangu. Na nakujibu kama mtu anayeishi na ugonjwa huohuo tangu nikiwa chuo, siyo kama daktari.

Kwanza hayo uliyoambiwa. Maji ya baridi yanaweza kukuongezea maumivu siku hiyo, lakini hayakukupa ugonjwa. Jongo huanzia zaidi kwenye dole gumba la mguu, na humpata mwanamke wa umri wako kwa nadra sana, kwa hiyo kula nyama yako. Wengi wetu damu hupungua na nyama tunaihitaji. Hilo la msusi mwenzako sitaligusa. Kilichopo ni kwamba kinga ya mwili wako imekosea adui. Inashambulia utando laini uliomo ndani ya kiungo, utando unavimba, unanenepa, kisha unaanza kula gegedu na mfupa. Ndiyo maana inakuwa pande zote mbili, kiganja hiki na kile. Ndiyo maana pia unachoka mwili mzima hata siku ambayo hukufanya kazi. Uchovu huo si uvivu, ni sehemu ya ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa nao, na asilimia 70 hivi ni wanawake. Zaidi ya nusu wamevuka miaka 55, basi ukisema unaumwa viungo na una miaka 26 watu wanacheka: "Wewe bado mtoto!" Waache wacheke. Unaweza kuanza umri wowote.

Sasa dawa. Dawa ya maumivu na dawa ya ugonjwa ni vitu viwili, na hapa ndipo vijana wengi tunapoumia. Diklofenaki ya duka la mtaani inanyamazisha maumivu, na ukiizoea kila siku inachimba tumbo na kuchosha figo, huku kiungo kinaendelea kuliwa kimyakimya. Ni kupiga deki wakati bomba linavuja.

Kuna na kile kidonge kidogo ambacho shoga zako watakuambia ni kiboko: prednisoloni. Kweli ni kiboko. Mwaka 1948, Rochester kule Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma sindano za kotisoni mwanamke wa miaka 29 ambaye baridi yabisi ilimlaza hajiwezi. Siku chache tu akawa anatembea. Dunia ilishangaa, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Kilichofuata hakikupigiwa makofi: wagonjwa waliotumia dozi kubwa kwa muda mrefu walivimba uso, sukari ikapanda, mifupa ikadhoofika. Daktari anaweza kukupa kidonge hicho kwa muda, akisubiri dawa nyingine ishike, na yeye ndiye atakayekupunguzia kidogokidogo. Usikikate ghafla, wala usijinunulie. Na ule unga wa kwenye chupa isiyo na jina, unaoponya viungo kwa usiku mmoja, ukimbie. Mitishamba haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Mara nyingi kuna steroidi, jamii ya hiyo prednisoloni, imesagwa humo.

Inayofunga bomba ni methotreksati na ndugu zake. Hizi zinatuliza kinga yenyewe, na hazina haraka: wiki sita hadi kumi na mbili ndipo unaanza kuona tofauti. Wengi huziacha wiki ya tatu wakisema hazifanyi kazi. Wengine huziacha mwezi wa sita kwa sababu zimefanya kazi. Makundi yote mawili yanarudi kliniki na vidole vimeanza kupinda, na kidole kikishapinda dawa hainyooshi. Kinachotakiwa kufanyika hufanyika mapema, miaka ya mwanzo.

Hapa niongee polepole. Methotreksati ya viungo humezwa SIKU MOJA KWA WIKI. Sisi tumezoea bahasha iliyoandikwa 1x3, na mkono wa muuza dawa umezoea kuandika hivyohivyo. Mtu akiimeza kila siku inaua uboho na inaweza kumuua. Chagua siku, tuseme Jumapili, mwombe mfamasia aandike neno "Jumapili" kwa kalamu ya kukoza, na mweleze mtu mmoja nyumbani. Foliki utapewa umeze siku nyingine, inapunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Damu inapimwa kila baada ya muda ili kuangalia ini na chembe za damu. Usiruke kipimo kwa sababu unajisikia vizuri. Pombe weka pembeni. Ukipata homa, usikae nayo nyumbani ukisema ni malaria tu, maana kinga yako imeshushwa makusudi.

Ukiona umeandikiwa haidroksiklorokwini, usishtuke. Ni ndugu wa ile klorokwini ya malaria iliyokuwa ikiwawasha mama zetu mwili mzima. Ila kapimwe macho.

Kuna jambo watu hawaliandiki kwenye barua lakini nalisikia wakipiga simu. Unaonekana na mfuko wa vidonge, una siku maalumu ya kumeza, unakwenda kliniki kila mwezi, umepungua. Mtaa unajua inachojua: "Kaanza dawa." Huna deni la kumweleza kila jirani, na wala usijitetee kana kwamba wenye virusi vya Ukimwi wamefanya kosa. Mimi nikiulizwa husema "viungo" na kuendelea na safari.

Kazini lakini sema. Mwambie mwenye saluni mikono yako inafunguka saa nne, akupangie wateja wa kuosha na kubana asubuhi, rasta mchana. Chana kwa kitana chenye mpini mnene. Ule mwembamba uzungushie kitambaa na raba mpaka ujae kiganjani. Ukiamka, mikono ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, fungua na funga taratibu, ndipo ushike chochote. Sufuria iinue kwa viganja viwili kutokea chini, usiining'inize kwa mkono mmoja. Nguo usiinyonge: ipitishe nyuma ya bomba, shika ncha zote mbili uzungushe, bomba libebe nguvu. Nazi ya kukuna mwachie mwingine au nunua iliyokunwa, hakuna atakayekunyima mume kwa hilo.

Na kwa kuwa mume nimemtaja, mwishoni mwa barua umesema una mchumba na hujamwambia. Mwambie kabla vikao vya harusi havijaanza, kwa sababu kuna jambo linalomhusu yeye pia. Methotreksati inaharibu mimba. Kwa hiyo sasa hivi unahitaji uzazi wa mpango wa uhakika, na mkitaka mtoto mnamwona daktari miezi kadhaa kabla, akubadilishie dawa. Zipo zinazoendana na ujauzito. Wanawake wengi hupata nafuu wakiwa wajawazito, halafu ugonjwa unarudi mtoto akiwa mchanga, basi mama yako au dada yako ajue mapema kwamba atahitajika kukaa nawe zaidi ya arobaini. Mama mkwe akiuliza kama watoto watarithi, jibu lipo: kwenye ukoo hatari inaongezeka kidogo, lakini watoto wengi wa wenye ugonjwa huu hawaupati.

Usimpe maelezo ya mdomo peke yake. Mwombe akusindikize kliniki siku ya kupima damu, akae kwenye foleni, amsikie daktari kwa masikio yake. Akikuuliza atakusaidiaje, usimjibu "niombee" ukanyamaza. Mpe mashuka akamue.