Somo la Tawi: Hasira na Wivu si Kitu Kimoja



Mara nyingi katika mikutano ya tawi tunasikia, "Fulani ana hasira." Tukimwuliza vizuri, tunakuta ni wivu. Tukivichanganya viwili hivi, tunagombana na asiyehusika na kumwacha anayehusika. Leo tujifunze kuvitenganisha.

Tuanze na mwili. Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alitoa kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu. Alieleza kwamba tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, sukari hutoka katika ini, damu huelekea kwenye misuli. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Mwenye hasira huona uso umepata moto, meno yameumana, ngumi imejikunja.

Na wivu je? Wivu ni mchanganyiko: una hofu, una huzuni, una hasira pia. Kwa hiyo nao huufanya moyo uende mbio. Lakini mara nyingi hukaa siku nyingi: kifua hubana, chakula hakishuki, usingizi hauji, macho humfuata mtu kila aendako. Tena wivu hauna uso wake maalum. Charles Darwin aliandika mwaka 1872 kwamba ni vigumu kwa mchoraji kuuonyesha wivu bila kuchora na mambo mengine yanayoeleza kisa. Basi mwili peke yake hautoshi kutuambia. Tutazame mawazo.

Wazo la hasira ni hili: "Nimedhulumiwa, na aliyenidhulumu ni yule." Hapo wapo watu wawili. Wazo la wivu ni hili: "Nilicho nacho kitachukuliwa." Hapo wapo watatu: mimi, yule ninayemtegemea, na yule aliyeingia kati.

Tuchukue mfano wa shamba la chai. Karani wa mizani akikata kilo 2 katika kila kikapu bila sababu, wachumaji hukasirika. Hiyo ni hasira, na mkosaji anajulikana. Lakini nyapara akikunyang'anya mistari mizuri uliyoizoea na kumpa mgeni, moyo hukusukuma kumchukia mgeni. Unasema anajipendekeza. Unaacha kumsalimu.

Je, mgeni ndiye anayegawa mistari? La. Yeye naye anatafuta unga wa watoto wake. Anayegawa ni nyapara, tena kwa upendeleo. Wivu wako si wa kuonea aibu. Umegusa jambo la kweli, ila umemkosea mtu. Na wachumaji wawili wasiosalimiana hawawezi kusimama pamoja kudai mistari igawanywe kwa zamu.

Kwa hiyo, moyo ukianza kwenda mbio, tunyamaze kwanza, tupumue taratibu mpaka mwili utulie. Kisha tujiulize:

1. Nimetendewa nini hasa, au ninaogopa kupoteza nini?
2. Nani mwenye uwezo wa kuamua jambo hili?
3. Je, limewapata wenzangu pia?

Jibu la pili likionyesha msimamizi, na la tatu likiwa "ndiyo", hilo si ugomvi wa watu wawili. Ni dai. Tulipeleke kwa kamati ya tawi, tukiwa na yule mgeni pamoja nasi.