Nzi wa Ukasi na Mbu wa Garissa: Mdudu Mpya Hutambuliwaje?

Mtaalamu wetu wa wadudu anajibu maswali ya wasomaji wa Garissa, Wajir na Mandera.

Huku kwetu ni ukame na vichaka vya miiba. Kuna mdudu gani mpya wa kupatikana?

Wapo, na mmoja wao huenda mmepita karibu naye mara nyingi. Ukisafiri kwa basi kutoka Garissa kuelekea Thika, ukishaingia Kitui utauona mlima wa mawe wa Ukasi. Katika ufa wa mwamba wake, wanamoishi popo, yumo nzi asiyefanana na mwingine: miguu mirefu yenye manyoya tele, macho madogo mno, na mabawa yaliyosinyaa hata hawezi kuruka. Funza wake hukulia katika kinyesi cha popo.

Alikusanywa mara ya kwanza mwaka 1933. Mwaka 1936 Ernest Austen, wa makumbusho ya London, alimpa jina *Mormotomyia hirsuta*, na kwa kuwa hakupata ukoo wa kumweka, alimwanzishia familia yake peke yake. Alionekana tena 1948, kisha kimya. Ilipofika Desemba 2010 Robert Copeland wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na Ashley Kirk-Spriggs kutoka Bloemfontein, Afrika Kusini, walimkuta palepale Ukasi.

Miaka zaidi ya sitini magari yalipita chini ya mlima huo. Kama kiumbe wa ajabu hivyo alikaa kando ya barabara kuu bila kuguswa, fikirieni lagha za Wajir na vichaka vya Ijara, ambako watafiti wa wadudu wamefika kwa nadra kwa sababu ya umbali na usalama. Mimi naamini kabisa kwamba huko kuna spishi nyingi zisizo na jina.

Mtaalamu anajuaje kwamba mdudu ni mpya?

Hapo ndipo penye kazi. Kumkamata ni jambo la dakika chache. Kumthibitisha kunaweza kuchukua miaka. Mdudu huangaliwa kwa hadubini: mpangilio wa nywele, mishipa ya bawa, na mara nyingi viungo vya uzazi vya dume, kwa sababu spishi mbili zinaweza kulingana kila mahali isipokuwa hapo. Kisha hulinganishwa na jamaa zake wote waliokwisha kuandikwa. Wengi wa wadudu wa Afrika Mashariki waliotumika kutoa majina ya awali wamehifadhiwa Ulaya, hivyo mtafiti wa Kenya hulazimika kusafiri au kuomba picha ili aone mdudu aliyetoka nyumbani kwake. Jambo hilo linaniuma.

Siku hizi husomwa pia kipande cha vinasaba chenye herufi kama 650. Kinasaidia sana, lakini hakitoshi peke yake.

Akithibitika, maelezo yake huchapishwa kwa kanuni za kimataifa zinazohesabu majina ya wanyama kuanzia kitabu cha Linnaeus cha 1758. Mdudu mmoja huteuliwa kuwa shahidi wa jina hilo, naye huhifadhiwa katika makumbusho ili yeyote mwenye shaka aweze kumwangalia.

Sisi ni wafugaji. Majina hayo yanatusaidia nini?

Mnaikumbuka Homa ya Bonde la Ufa ya mwishoni mwa 2006. Ilianzia Garissa baada ya mafuriko, na kufikia Machi 2007 watu 684 walikuwa wameripotiwa kuugua nchini, 155 kati yao wakafariki, mbali na mifugo iliyokufa na mimba zilizoharibika.

Mmoja wa mbu waliokutwa na virusi vya homa hiyo Garissa ni *Aedes mcintoshi*. Zamani ripoti za Kenya zilimwita *Aedes lineatopennis*, jina la mbu wa Ufilipino. Mwaka 1985 Yiau-Min Huang alionyesha kwamba huyu wa Afrika ni spishi nyingine. Mayai yake hukaa kwenye udongo mkavu wa mabonde hata miaka kadhaa, mengine yakiwa tayari na virusi kutoka kwa mama, yakisubiri maji yafurike. Anayewachanganya mbu hawa atachunguza dimbwi lisilo lake na kuliacha lile la hatari. Na kazi haijaisha: uchunguzi wa vinasaba nchini umeonyesha makundi yaliyoachana ndani ya jina hilohilo moja.

Mwanafunzi akimwona mdudu asiyemfahamu afanye nini?

Ampige picha kwanza, juu na ubavuni, bila kumshika kwa mkono; nge na baadhi ya wadudu wa huku wana sumu. Wakati mzuri ni usiku baada ya mvua, kwa shuka jeupe na taa. Aandike mahali, tarehe, jina lake mwenyewe na alikomkuta mdudu: chini ya jiwe, juu ya mgunga, kwenye sikio la ngamia. Kisha picha na maelezo hayo ampelekee mwalimu wa biolojia au idara ya wadudu ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Kukusanya wadudu kwa utafiti kunahitaji kibali cha serikali, na kuwatoa nje ya nchi kunahitaji kibali kingine. Picha zenye maelezo kamili hazihitaji kusubiri hayo, na mvua ijayo ni nafasi nzuri ya kuanza.