Mishumaa ya Jeli kwa Sherehe: Ipike kwa Usalama, na Ujue Arubuni ya Kuitisha

Mshumaa wa jeli hupitisha mwanga. Unaona makombe yamelala chini, changarawe za rangi zimepangwa, viputo viwili vitatu vimeganda katikati, na moto unacheza juu. Ukiuweka kwenye meza ya harusi, ya ruracio au ya besidei, huhitaji pambo lingine. Ndiyo maana watu wanaofanya biashara ndogo nyumbani wanaupenda: vifaa si vingi, jiko la gesi linatosha, na mteja yuko tayari kulipa zaidi ya bei ya mshumaa wa kawaida.

Lakini kazi hii ina hatari mbili. Moja ni ya moto. Nyingine ni ya mfuko: mshumaa wa sherehe hutengenezwa kwa oda, una rangi za bibi harusi na kijikaratasi cha jina na tarehe, na mteja akitoweka huwezi kumuuzia mtu mwingine. Tuanze na jikoni kisha tuje kwa pesa.

Jeli yenyewe

Hii si jeli ya nywele wala ya keki. Ni mafuta ya madini, jamaa ya yale mafuta mepesi ya kupaka watoto, yaliyofanywa mazito kwa polima hadi yakawa kama mpira laini. Huuzwa kwa kilo, ikiwa nyepesi, ya kati au nzito. Nyepesi haishiki mapambo, yote huzama chini. Nzito huyashikilia yakabaki yanaelea katikati, na hubeba manukato zaidi. Kwa anayeanza tungechagua ya kati. Ukikutana na video ya mtu anayechemsha jelatini ya keki na maji akiita mshumaa, pita: hicho ni kitu cha maji, na maji hayalishi moto wa utambi.

Nta ya kawaida huyeyushwa kwa bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Jeli haikubali njia hiyo. Inahitaji joto la kati ya 93°C na 105°C hivi ili imiminike vizuri, na maji yanayochemka hayafiki huko kwa urahisi. Kwa hiyo sufuria inakaa moja kwa moja juu ya moto mdogo, na hapa kipimajoto si anasa. Ukipita 110°C unaanza kuharibu jeli na kukaribia moshi. Ukiona moshi, zima. Jiko la makaa halifai kwa kazi hii, kwa sababu huwezi kulipunguza kwa sekunde moja.

Chukua sufuria nzito, kavu kabisa. Tone la maji likiingia kwenye jeli ya moto hulipuka na kurusha mafuta, na hata lisipokuunguza litaacha ukungu ndani ya mshumaa. Kata jeli vipande vidogo, weka moto mdogo, koroga polepole. Usipige kama unga wa chapati za maji, maana kila pigo linaingiza hewa. Itachukua muda, pengine karibu saa nzima kwa kilo moja, na wanaoongeza moto ili wamalize haraka ndio wanaojipata na shida.

Shida yenyewe ikitokea, yaani sufuria ikishika moto, zima gesi kama unafikia swichi bila kupitisha mkono juu ya moto, funika sufuria na mfuniko wake, kisha uiache. Usimwage maji kamwe. Usiinue sufuria kukimbia nayo nje. Weka mfuniko karibu kabla hujawasha jiko, watoto wakae chumba kingine, na simu ikilia iache ilie.

Manukato, rangi na utambi

Manukato yawe ya mishumaa na yawe yale ambayo muuzaji anasema yanakubali jeli, kwani mengine hayachanganyiki na mafuta ya madini; hujitenga na kukaa kama dimbwi dogo ndani ya mshumaa, na dimbwi hilo linaweza kuwaka lote kwa mara moja. Muulize pia joto ambalo mvuke wa manukato hayo hushika moto. Lisiwe chini ya 77°C. Asilimia 3 ya uzito wa jeli inatosha, yaani gramu 30 kwa kilo. Mteja akitaka mshumaa unukie mpaka kwa jirani, mweleze tu.

Rangi ni tone moja au mawili ya rangi ya mafuta. Rangi ya keki ni ya maji, haiingii. Krayoni zitaziba utambi.

Utambi uwe na waya wa zinki ndani ili usimame wima. Tambi za pamba zilizolowekwa kwenye nta hutia ukungu kwenye jeli, kwa hiyo tumia zisizo na nta, kisha uzichovye kwenye jeli iliyoyeyuka zitoe hewa yake. Ukimaliza, kata utambi ubaki milimita 6 hivi juu ya jeli. Mrefu kuliko hapo hutoa masizi na moto mkubwa.

Gilasi iwe nene, isiyo na ufa, na upana wa sentimita 5 au zaidi. Vigilasi vyembamba vya juisi vinapendeza kwenye picha lakini hupasuka. Ipashe gilasi joto kabla ya kumimina, ndani ya oveni kama unayo, hadi kama 65°C. Gilasi baridi hupoza jeli ghafla na viputo vinanaswa. Mimina polepole ukiinamisha gilasi kidogo, jeli ikiwa bado karibu 93°C. Ukitaka viputo vingi, kwa mfano kwa muundo wa bahari, subiri ipoe kidogo ndipo umimine.

Kuhusu mapambo kanuni ni moja: kisichowaka ndicho huingia. Mawe madogo, mchanga mkavu, shanga za kioo, makombe. Maua makavu, vipande vya mdalasini, maua ya plastiki, pambapamba za kung'aa, vyote hivyo vinaweza kugeuka utambi wa pili. Hata petali za waridi la Naivasha, ziwe nzuri namna gani. Mapambo yakae mbali na utambi, kando ya gilasi, na uyachovye kwanza kwenye jeli ili yasiachie hewa. Na walioko Pwani, nunueni makombe kwa muuzaji anayejulikana: ndani ya hifadhi za baharini kama Malindi na Watamu hairuhusiwi kuokota na kuondoka nayo.

Msimu gani, muundo gani

Picha nyingi za mishumaa hii mtandaoni ni za majira ya machipuko ya Ulaya na Marekani: tulipu, vifaranga, mayai ya rangi. Kwetu Machi hadi Mei ni mvua ndefu, na mteja wa Nakuru hana hamu ya tulipu. Hata hivyo Pasaka iko hapo, na Jumapili ya pili ya Mei ni siku ya kina mama, kwa hiyo kazi ipo. Jeli ya zambarau hafifu na mawe meupe inawakumbusha watu wa Nairobi jakaranda za Oktoba. Kwa Idi, buluu na dhahabu. Tarehe yake hurudi nyuma kwa siku kama 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda mapema na usitegemee ya mwaka jana. Februari 14 ni nyekundu, hapo hatuna la kuongeza. Kisha kuna mahafali, na Desemba yenye harusi.

Bei, na nusu isiyotosha

Tuchukue bei za mfano. Weka zako mahali pa zetu. Kilo moja ya jeli inajaza gilasi sita za mililita 200 hivi, kwa sababu mapambo nayo huchukua nafasi. Tuseme jeli ni sh1,500, gilasi sita sh720, tambi sh120, manukato sh240, mawe na makombe sh180, gesi sh60. Jumla sh2,820, ambayo ni sh470 kwa mshumaa. Ongeza sanduku na utepe sh80. Umefika sh550, na bado hujajilipa hata shilingi. Tuseme unauza sh900.

Sasa bibi harusi anapiga simu, anataka 40. Hiyo ni sh36,000, na furaha inaanza. Vifaa ni 40 mara 550, yaani sh22,000. Nauli ya kufuata vifaa, boda ya kupeleka mzigo na ada za kutuma pesa kwa wauzaji, weka sh1,000. Unahitaji sh23,000 mkononi kabla mshumaa wa kwanza haujapoa.

Mazoea ya wengi ni kuitisha nusu. Nusu hapa ni sh18,000, kwa hiyo umepungukiwa na sh5,000. Zitatoka wapi? Kwa pesa ya kodi ya nyumba, au mkopo wa simu wenye ada yake. Maana yake ni kwamba wewe ndiwe unayemkopesha bibi harusi, bila riba, na bila kujua kama sherehe itaahirishwa.

Kwa hiyo arubuni, au dipoziti kama tulivyozoea kuiita, isipangwe kwa mazoea. Ihesabiwe kutoka kwa gharama ya vifaa. Sh23,000 gawanya kwa sh36,000 ni karibu asilimia 64. Itisha asilimia 65, yaani sh23,400. Harusi ikivunjika, umepoteza muda wako, si pesa ya kodi. Akikuomba bei ishuke hadi sh800 kwa sababu ni nyingi, oda inakuwa sh32,000 na faida yako inashuka kutoka sh13,000 hadi sh9,000. Hiyo inaweza kuwa sawa kwako, lakini vifaa bado ni sh23,000, kwa hiyo arubuni haishuki hata kidogo. Sasa ni karibu asilimia 72. Mwambie hivyo mwanzoni. Mtu aliye na nia huelewa ukimwonyesha hesabu.

Mwandikie pia ujumbe mfupi kabla ya kupokea: idadi, rangi, tarehe, bei yote, arubuni, na kwamba vifaa vikishanunuliwa arubuni hairudi. Akijibu "sawa", muuhifadhi wote wawili. Siku ya ubishi ujumbe huo utakusaidia kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Pesa ikiingia, hakikisha imeingia

Pokea kwa namba ya till ya biashara, si laini yako ya nyumbani. Pesa ya mishumaa ikichanganyika na ya chama na ya unga, baada ya wiki mbili hutajua kama ulipata faida. Ukiwa na till, taarifa yako ya miamala inaonyesha kila oda peke yake.

Picha ya skrini ya mteja si malipo. Picha huhaririwa, na ujumbe wa uongo unaweza kuandikwa ufanane na wetu neno kwa neno. Angalia salio lako wewe mwenyewe, kwenye programu au menyu ya simu yako. Kama salio halijaongezeka, usinunue jeli, hata kama mteja anakuambia mtandao uko chini na shangazi yake anasubiri.

Kuna na ule mchezo wa "nimekutumia zaidi kimakosa, nirudishie elfu mbili". Kwanza salio. Kama kweli zimeingia, usimtumie wewe. Mwambie aombe muamala urudishwe kupitia huduma kwa wateja, kwa njia ya kawaida. Ukimtumia mwenyewe, naye akaomba pia ule wa kwanza urudishwe, unaweza kutoa mara mbili. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza namba yako ya siri ili "kuachilia" malipo ya oda. Akiuliza, kata simu.

Siku ya kupeleka mzigo

Salio la mwisho lilipwe kabla boda haijaondoka kwako. Tuma picha ya mishumaa yote 40 ikiwa imepangwa, mteja aridhike, alipe, uthibitishe, ndipo pikipiki iende. Wageni wakishaketi, hakuna anayeshika simu kulipa fundi wa mishumaa.

Kwenye kila sanduku weka kijikaratasi: washa juu ya sahani au kigae, si kwenye kitambaa, usiuache ukiwaka peke yake, usivuke saa nne kwa mara moja, zima jeli ikibaki sentimita moja na nusu chini. Jeli huwaka kwa muda mrefu kuliko nta na gilasi hupata moto sana. Stima ikipotea, kuna watu watakaouwasha na kwenda kulala, kwa hiyo andika kwa herufi kubwa kwamba huu ni wa meza, si wa usiku mzima.