Kuhara damu: kwa nini vidonge vya zamani havitibu tena?

Kuhara damu kunakoenea nyumba hadi nyumba mara nyingi huletwa na bakteria wa shigela, waliopewa jina la Kiyoshi Shiga, Mjapani aliyewatambua mwaka 1897. Kipindupindu humkausha mgonjwa kwa choo cha majimaji. Shigela huchubua utando wa utumbo mpana, ndipo huja homa, msokoto wa tumbo na choo kidogo kidogo chenye damu na kamasi. Nao huambukiza kwa urahisi wa kutisha, kwani bakteria 10 hadi 100 tu wanatosha kumlaza mtu mzima mwenye afya. Mkono uliotoka chooni bila kunawa, ukamega ugali kwenye sinia la wote, unaweza kuangusha nyumba nzima.

Msomaji wa Sumbawanga anayeuliza kwa nini vidonge vilivyowaponya wazee wake havifui dafu, jibu lake liko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwishoni mwa 1979 mlipuko wa shigela aina ya 1 ulianza mashariki mwa Zaire. Hiyo ndiyo kali kuliko zote, kwa sababu hutoa sumu inayoweza kuharibu figo, hasa za watoto. Tangu mwanzo ilikuwa sugu kwa tetrasaiklini, kloramfenikoli na ampisilini. Matabibu wakageukia kotrimoksazoli. Haikuchukua muda nayo ikashindwa. Ikafuata asidi ya nalidiksi, na usugu ukaifuata vilevile. Ugonjwa ukaingia Rwanda, Burundi na magharibi mwa Tanzania, na katika miaka ya 1990 ukateremka Zambia, Malawi na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Huko Goma, mashariki mwa Zaire, Julai 1994, kipindupindu kilipokuwa kinapungua miongoni mwa wakimbizi wa Rwanda, kuhara damu kukapokea. Takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza wa ukimbizi ule.

Ufipa, uliko mji wa Sumbawanga, yenye ziwa hilo magharibi na mpaka wa Zambia kusini, iko jirani kabisa na njia hiyo.

Siku hizi aina ya 1 imekuwa adimu. Inayoongoza Afrika Mashariki ni shigela fleksineri, ambayo nayo hupokea vinasaba vya usugu kutoka kwa bakteria wengine wa utumboni. Kila dozi inayomezwa kwa kubahatisha huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Kosa linaloumiza wengi ni kununua Flagyl kwa kila tumbo: dawa hiyo ni ya amiba, shigela haiwagusi. Dawa za kufunga choo ni hatari zaidi, maana huwazuia bakteria na sumu yao ndani.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilielekeza siprofloksasini itumike kwanza na asidi ya nalidiksi iachwe. Hata hivyo uamuzi ni wa tabibu, na sampuli ya choo inafaa ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza. Maji ya ORS hayasubiri majibu ya maabara. Mtoto huongezewa zinki na huendelea kunyonya. Asiyepata nafuu ndani ya saa 48 arudi zahanati abadilishiwe dawa.