Kumsoma Mhusika Asiyependeka: Kazimoto wa "Kichwamaji"

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa maoni yake juu ya Kazimoto, mhusika mkuu wa riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, aghalabu hujibu kwa neno moja: mbaya. Jibu hilo si kosa. Kosa ni kuishia hapo, kana kwamba kazi ya kusoma imekwisha.

Mazoea yana sehemu yake katika jambo hili. Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, hukumu hutangulia tendo: ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na msomaji hana haja ya kukisia watatenda nini. Kezilahabi aliuondoa msaada huo. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, husimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, na hayupo msimulizi mwingine wa kumsahihisha.

Lichukuliwe shauri la kisasi. Manase amemtia mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto anaghadhibika, na msomaji anamwunga mkono. Kisha anakusudia kulipiza kwa Sabina, dada yake Manase, ambaye hana hatia yoyote. Uovu ni ule ule. Aliyebadilika ni mtendaji tu. Tena aliyeumizwa ni Rukia, lakini anayejihesabu kuwa ametukanwa ni kaka mtu. Hapo msomaji aliyekwisha kumlaani Manase hana budi kuchagua: ama amlaani na Kazimoto, ama akiri kwamba alivutwa na sauti ya msimulizi. Kwa mhusika mwema asingalilazimika kujichunguza hivyo.

Lipo kosa jingine, nalo ni kumchanganya msimulizi na mwandishi. Kwa kuwa Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, naye alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni rahisi kudhani kwamba kiburi cha Kazimoto ni chake. Lakini aliyepanga Manase na Kazimoto wafanane ni Kezilahabi. Kazimoto hakuupanga mfanano huo, na pengine hauoni.

Darasani yafaa kuchukua ukurasa mmoja ambamo Kazimoto anamweleza mtu mwingine, na kuchora safu mbili daftarini. Ya kwanza iandikwe yaliyotendwa na kusemwa. Ya pili, yale ambayo Kazimoto anayafikiria tu. (Mwalimu wa fizikia angalilitambua zoezi hili upesi: jambo lililoonekana ni moja, na tafsiri yake ni nyingine.) Baada ya hapo mwanafunzi aandike tukio hilo hilo kwa sauti ya Sabina, akitumia yaliyomo katika safu ya kwanza peke yake, bila kubuni neno. Atakapokwama, na aonyeshe mahali alipokwamia: ni habari gani juu ya Sabina ambayo Kazimoto hakujali kuiuliza?