Kabla ya Kuuza Kihamba: Somo Juu ya Kuwatafutia Matibabu Wenye Kutawaliwa na Pombe na Dawa za Kulevya



Mzee mmoja wa usharika wetu alitujia jioni, hali ameshika karatasi mkononi. Alipokwisha kuketi na kunywa maji, alisema: "Baba Mchungaji, nimepata mnunuzi. Nauza nusu ya kihamba, nimpeleke mwanangu mjini katika nyumba ya kuachisha pombe. Nimekuja unishuhudie nikitia sahihi."

Kila mtu wa Kilimanjaro ajua maana ya kihamba. Ndipo ilipo migomba na kahawa, tena ndipo walipolala mababu. Mtu hauzi kihamba ila maji yamemfika shingoni.

Tulimwuliza mambo matatu. Ni nani aitunzaye nyumba hiyo? Je, yuko daktari? Na fedha zikiisha, kijana akarudi, ni nani atakayemwangalia? Mzee hakuweza kujibu hata moja. Habari za nyumba ile alizisikia kwa mtu waliyekaa naye garini. Basi tulimwomba aiweke karatasi yake siku saba, twende tukaulize pamoja. Tuliyojifunza tangu siku hiyo ndiyo tunayowaandikia sasa. Neno kuu la somo hili ni moja: mtu asiuze shamba kabla hajauliza. Maana matibabu ya mwanzo mara nyingi hupatikana kwa gharama ndogo, mengine bure kabisa, na fedha za nyumbani zahitajiwa zaidi baadaye.

I. UUJUE KWANZA UGONJWA

Yatupasa kuanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa kabla ya mzee yule kutujia, jamaa ya nyumba moja walituuliza wafanyeje na ndugu yao aliyekunywa gongo tangu asubuhi hata usiku. Tuliwashauri wamfungie ndani siku tatu pasipo kileo. Siku ya pili alitetemeka sana, akaona vitu visivyokuwapo, kisha akashikwa na degedege. Alikufa njiani, kabla ya kufika hospitali. Shauri lilikuwa letu. Hatukujua, lakini kutokujua kwetu hakukumrudishia mama yake mtoto.

Sasa twajua sababu, nanyi yafaa mjue. Pombe huutuliza ubongo, na ubongo wa mtu anywaye sana kila siku hujizoeza kushindana nayo. Ni kama mtu asukumaye mlango mzito kwa nguvu zake zote: mlango ukifunguliwa ghafula, huanguka kifudifudi. Saa chache baada ya kuikosa pombe huanza kutetemeka na kutoka jasho. Degedege mara nyingi huja katika siku 2 za kwanza. Kuweweseka, pamoja na homa na moyo kwenda mbio, huja tangu siku ya 2 hata ya 4, na hali hiyo yaweza kuua. Hospitalini mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza, kama diazepamu, inayopunguzwa siku kwa siku, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Basi mtu anywaye kila siku, ambaye asubuhi mikono yatetemeka mpaka anywe, asiachishwe nyumbani kwa nguvu. Apelekwe kwa daktari kwanza.

Heroini, ambayo vijana huiita unga, ina njia nyingine. Aiachaye huumwa mwili mzima, hutapika na kuhara. Maumivu hayo huzidi siku ya 2 na ya 3, kisha hupungua katika muda wa juma moja au zaidi. Kwa kawaida hayaui kama yale ya pombe, mradi mgonjwa apewe maji ya kutosha. Hatari kubwa iko mbele. Mwili uliokaa majuma kadhaa pasipo unga huwa umepoteza mazoea yake, na akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi hukoma. Wazazi wengi husema, "Ametoka salama," kumbe hizo ndizo siku za kumlinda zaidi.

II. MLANGO WA KWANZA

Watu wengi huanza kwa kutafuta nyumba ya mbali. Shauri letu ni kuanza karibu: kituo cha afya, au hospitali ya wilaya, au hospitali ya misheni. Mweleze daktari kweli yote: anatumia nini, kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho lini. Asione haya baba wala mama. Daktari ndiye atakayesema kama mgonjwa alazwe, au atibiwe akitoka nyumbani, au aandikiwe barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa kwenye kitengo cha afya ya akili.

Kwa watumiao heroini iko dawa iitwayo methadoni. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliionyesha nguvu yake New York katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima. Nchini Tanzania ilianza kutolewa katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, tena bila malipo. Baadaye vituo vilifunguliwa Mwananyamala na Temeke, na katika miji mingine kama Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Unguja nako kuna kituo cha Kidongo Chekundu. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku.

Wengine hunung'unika kwamba huku ni kubadili ulevi kwa ulevi. Sivyo. Methadoni hufanya kazi polepole kwa zaidi ya siku nzima. Haimpandishi mtu wala haimwangushi, bali humwondolea ile kiu. Mtu huyo huweza kufanya kazi, kulala, na kulea watoto, tena huachana na sindano ziletazo Ukimwi na ugonjwa wa ini. Lakini jueni kwamba methadoni si dawa ya pombe wala ya bangi. Kwa pombe ziko dawa nyingine, kama naltreksoni na akamprosati, zilizoingizwa katika orodha ile mwaka 2023. Daktari aulizwe kama zinapatikana.

Kwa wale ambao akili zao zimeharibika kwa bangi au pombe, ziko hospitali za akili, kama Mirembe ya Dodoma, na Lutindi ya kanisa letu katika milima ya Usambara. Lutindi palijengwa kwanza kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 pamewatunza wagonjwa wa akili. Huko wagonjwa hawakai bure: hufanya kazi za mikono na za shamba kadiri ya nguvu zao, wapate kuzoea tena maisha ya watu.

III. KUIPIMA NYUMBA KABLA YA KULIPA

Ziko pia nyumba za upataji nafuu, ambazo vijana huziita soba. Nyingi zimeanzishwa na watu waliokuwa wametawaliwa na dawa wenyewe, nao huyajua maumivu ya wenzao. Humo mgonjwa hukaa miezi kadhaa, akila, akifanya kazi za nyumba, na kuketi katika mazungumzo. Kwa kuwa nyumba nyingi zaendeshwa kwa michango ya wazazi, hutoza ada ya mwezi. Hatuzikatai, wako waliosaidiwa humo. Lakini kama vile mtu hanunui ng'ombe gizani, asilipe kabla ya kwenda kuona kwa macho yake. Aulize hivi:

1. Je, nyumba imesajiliwa? Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, au afisa ustawi wa jamii wa wilaya, aweza kukuambia.

2. Je, mgonjwa hupimwa na daktari kabla ya kupokelewa, na akizidiwa usiku hupelekwa hospitali gani?

3. Je, mgonjwa hufungwa minyororo, hupigwa, au hunyimwa chakula? Ukiona hayo, ondoka naye.

4. Je, huruhusu dawa za hospitali? Mwenye kifafa, au Ukimwi, au ugonjwa wa akili, akikatazwa dawa zake huko, ameponzwa.

5. Ada ni kiasi gani kwa mwezi, ni ya vitu gani, na kwa miezi mingapi? Akitoka kabla ya wakati, fedha zilizobaki hurudishwa? Majibu yaandikwe, na risiti itolewe.

6. Baada ya kutoka, humfuata mgonjwa nyumbani kwao?

Mtu akikuahidi kwamba mwanao atapona kabisa kwa siku 7 au kwa kikombe kimoja cha dawa ya siri, funga mkoba wako. Ugonjwa huu ni kama kisukari au shinikizo la damu: hutunzwa muda mrefu, na mara nyingine hurudi. Mwenye kuahidi zaidi ya hayo auza maneno.

IV. FEDHA ZITOKE WAPI, ZIENDE WAPI

Mnajua habari za yule Msamaria katika Luka 10. Mara nyingi twasifu huruma yake, tukasahau hesabu yake. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni, wala hakumpa majeruhi fedha mkononi. Hakutoa mali yake yote mara moja, bali alitoa kiasi cha mwanzo, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Njia hiyo yatufaa hata leo.

Kwanza, uulize kisicholipiwa. Mwenye bima aulize bima yake inalipa nini. Asiyejiweza aende kwa mtendaji wa kijiji apate barua, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, aombe msamaha wa gharama. Huku si kuombaomba. Ni utaratibu uliowekwa. Tena viko vikundi vya walevi waliogeuka, vilivyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, na katika miji yetu mingine vipo. Havitozi ada, mtu huhitaji tu kutaka kuacha.

Pili, uhesabu kisichoonekana. Methadoni ni bure, lakini nauli si bure. Mtu aliye mbali na kituo hupaswa kusafiri kila siku, kwenda na kurudi, na wako walioacha dawa kwa kukosa nauli tu. Hapa ndipo usharika uwezapo kusaidia kwa fedha kidogo: sadaka ya jumuiya moja yaweza kumsafirisha mgonjwa mmoja mwezi mzima. Nauli apewe mama yake au mzee wa kanisa wa kumsindikiza, wala si yeye mwenyewe siku za mwanzo, maana fedha mkononi ni jaribu.

Tatu, ulipe kwa sehemu. Ada ya mwezi ilipwe mwezi kwa mwezi, nawe uende kumwona mgonjwa kila ulipapo. Na sehemu ya fedha iwekwe kwa siku za kurudi: jembe, mbegu, ada ya ufundi, au mtaji mdogo. Mtu aliyerudi asiye na kazi hukaa njiani, na njiani ndipo walipo rafiki zake wa kwanza.

V. AKIRUDI, NA AKIANGUKA

Yule mzee hakuiuza nusu ya kihamba. Tulikwenda naye hospitalini. Kijana alilazwa siku 7, akatetemeka, akatunzwa, akatoka. Baba yake aliuza mbuzi wawili, jumuiya wakaongeza. Kisha kila juma alikwenda mjini kwenye kikundi.

Mwezi wa nne kijana alikunywa tena katika karamu ya harusi, akaendelea siku tano. Watu walisema, "Fedha zimepotea." Mzee alikuja kwetu na karatasi ile ile. Tulimwambia: fedha hazikupotea, kwa kuwa safari hii mlango mnaujua, na fedha ya kuufungua ipo. Alirudishwa hospitalini siku ile ile. Laiti kihamba kingaliuzwa mara ya kwanza, mara ya pili pangalikuwa na nini?

Sasa ni mwaka wa tatu. Hatusemi amepona. Twasema kwamba leo asubuhi tulimwona akipalilia kahawa katika kihamba cha baba yake, naye akatuamkia kwa jina.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini ni hatari kumfungia nyumbani mtu anywaye pombe kila siku? Tumfanyie nini badala yake?

2. Katika wilaya yetu, hospitali iliyo karibu yenye huduma hii ni ipi, na nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani?

3. Ni nani katika jumuiya yetu anayeweza kumsindikiza mgonjwa, asiseme habari zake kwa wengine?

4. Mtu aliyerudi kutoka matibabuni akija katika harusi yetu, tutampa nini cha kunywa, na tutamketisha na nani?