Je, ni kuabudu mlima?

*Kilele cha Kibo kikifunguka alfajiri, moyo wangu hutulia na Mungu huwa karibu. Kanisani sisikii kitu. Je, naabudu mlima? — Msomaji, Moshi*

Kuvutwa na uzuri wa mlima si kuuabudu. Hofu hii ni ya kale. Agostino wa Hippo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, alichoandika kuelekea mwaka 400, anasimulia alivyoiuliza nchi, bahari na upepo kama ni Mungu. Vyote vilikana, vikamwelekeza kwa Muumba. Naye akaendelea kumtafuta ndani, katika kumbukumbu. Mwaka 1336 mshairi Petrarca, akiwa kileleni Ventoux, Ufaransa, alikifungua kitabu hichohicho, akakuta maneno yanayowasuta wanaostaajabia milima na kujisahau. Alishuka kimya, amejikasirikia. Pengine alijilaumu mno: mlima ndio uliomfikisha hapo.

Kanisani akili hubanwa na matangazo, ratiba na macho ya watu. Alfajiri hakuna kinachodai jibu. Kinachofaa ni kukaa dakika kumi bila simu, kutazama kitu kimoja tu, mfano barafu inavyogeuka waridi, kisha kufumba macho na kujiuliza kimegusa nini: shukrani, huzuni au toba. Hicho ndicho cha kupeleka kanisani kama sala.

Ukavu wa sala ukidumu, padri, mchungaji au mlezi wa kiroho atasaidia. Lakini usingizi, hamu ya kula na furaha vikipotea kwa wiki mbili au zaidi, aonwe daktari bila kungoja.